Bastola ya Vipande 34

Glock 17 ni bastola ya kijeshi iliyobuniwa Austria mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hupiga risasi ya milimita 9, magazini yake hubeba risasi 17, na fremu yake, yaani sehemu inayoshikwa mkononi na kubeba mitambo, ni ya plastiki. Watu wengi wakiitaja huanza na hiyo plastiki. Fundi wa silaha huanza na kifyatulio. Bastola hii haina kiwiko cha usalama cha kubonyeza kwa dole gumba, haina nyundo ya kukoki, na bado ikidondoka sakafuni ikiwa na risasi ndani ya chemba, yaani nyuma ya kasiba tayari kupigwa, haifyatuki. Ubunifu wenyewe umo katika jinsi mambo hayo matatu yalivyopatanishwa, na njia hiyo ndiyo iliyofuatwa na bastola nyingi za askari.

Bastola ya nusu otomatiki hutumia nguvu ya risasi iliyopigwa kuandaa risasi inayofuata. Kifyatulio kikivutwa mara moja hutoka risasi moja, ganda tupu hurushwa nje, na risasi mpya hupanda kutoka kwenye magazini bila mkono wa mtu. Hugo Borchardt aliunda bastola ya namna hiyo iliyoweza kuuzwa madukani mwaka 1893. Ilikuwa kubwa na ya kuchosha mkono, na Georg Luger akaipunguza hadi ikafaa kiunoni mwa ofisa. Jeshi la Uswisi liliichukua bastola ya Luger mwaka 1900. Miaka miwili baadaye Luger alitoa risasi ya milimita 9 yenye ganda la urefu wa milimita 19. Zaidi ya karne moja imepita, na risasi hiyo bado ndiyo ya kawaida ya bastola katika majeshi ya NATO na kwa polisi wa nchi nyingi.

Umbo la bastola za leo, hata hivyo, ni kazi ya John Moses Browning, Mmarekani wa Ogden, Utah. Yeye ndiye aliyeivisha bastola slaidi, kile kifuniko cha chuma kinachoteleza nyuma na mbele juu ya fremu. Ndiye pia aliyebuni kasiba inayoinama kidogo ili kujifungua kutoka kwenye slaidi baada ya risasi kutoka. Bastola yake ya mwaka 1911 ilitumiwa na jeshi la Marekani hadi miaka ya 1980. Alifariki Novemba 1926 akiwa kazini katika kiwanda cha FN mjini Herstal, Ubelgiji, na kazi aliyokuwa ameianza huko ikamaliziwa na Dieudonné Saive. Matokeo yalikuwa Hi-Power ya mwaka 1935, iliyopanga risasi 13 kwa safu mbili zinazopishana ndani ya magazini moja. Kabla ya hapo, bastola nyingi za kijeshi zilibeba saba au nane.

Tatizo moja lilibaki bila jibu zuri: askari aibebeje bastola? Hi-Power na ile ya 1911 zilihitaji nyundo iwe imekokiwa ndipo zipige. Kwa hiyo aliyezibeba alichagua kati ya hali mbili. Aliweza kutembea na bastola iliyokokiwa huku kiwiko cha usalama kimefungwa, au kutembea na chemba tupu na kukoki wakati wa hatari. Hali ya kwanza iliwatia makamanda wasiwasi. Ya pili ilimcheleweshea askari sekunde asizokuwa nazo. Kampuni ya Walther ya Ujerumani ilitoa jibu lake kwa bastola ya PP ya mwaka 1929, kisha P38 ya mwaka 1938. Kifyatulio chenyewe kiliweza kuinua nyundo na kuiachia kwa mvuto mmoja. Ila mvuto wa kwanza ulikuwa mrefu na mzito, na kuanzia risasi ya pili, nyundo ikiwa imeshakokiwa na slaidi, mvuto ukawa mfupi na mwepesi. Kidole kililazimika kujifunza bastola mbili katika silaha moja. Wengi walikosa shabaha kwenye risasi ya kwanza, ambayo ndiyo muhimu kuliko zote.

P38 ndiyo bastola ambayo jeshi la Austria lilikuwa likiitumia bado mwaka 1980, miaka 35 baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Bastola hizo zilikuwa zimechoka, na wizara ya ulinzi ikatangaza kutafuta mpya. Masharti yake yalikuwa 17, na yanastahili kusomwa kwa makini kwa sababu yaliielekeza kazi yote iliyofuata. Bastola ipige risasi ya milimita 9 ya NATO. Itumike kwa mkono wa kulia au wa kushoto. Isifyatuke ikigongwa, wala ikidondoka kutoka mita 2 juu ya bamba la chuma. Ifunguliwe na kufungwa bila vifaa. Vipande vyake visizidi 58, idadi ya vile vya P38, na kipande cha bastola moja kiingie kwenye nyingine bila kuchongwa. Katika risasi 10,000 za kwanza isikwame zaidi ya mara 20. Hakuna sharti lililotaja plastiki, wala lililodai kiwiko cha usalama. Walioyaandika walieleza matokeo waliyoyataka na kumwachia mbunifu njia, na hekima hiyo ni adimu katika zabuni za kijeshi.

Gaston Glock, aliyezaliwa Vienna mwaka 1929, hakuwa mtu wa silaha. Alikuwa mhandisi mwenye kiwanda kidogo Deutsch-Wagram, kitongoji nje ya Vienna, alikotengeneza fito za mapazia na vifaa vingine vya chuma na plastiki. Jeshi lilimfahamu kwa kisu cha askari na sepetu ya kuchimbia mahandaki. Aliposikia habari ya zabuni alikuwa amevuka miaka 50 na hajawahi kubuni bastola hata moja. Alinunua bastola za wengine akazifungua kipande kwa kipande, kisha akawakusanya wajuzi wa kijeshi, wa polisi na wa michezo ya shabaha na kuwauliza wangependa bastola ya baadaye iweje. Mifano ya kwanza aliijaribu mwenyewe kwa mkono wa kushoto, ili ikimlipukia abaki na mkono wa kulia wa kuchorea michoro. Ombi la hataza liliwasilishwa Aprili 1981. Ilikuwa hataza yake ya 17, na namba hiyo ikawa jina la bastola. Kwamba magazini nayo inachukua risasi 17 ni sadfa tu.

Kutojua silaha kulimsaidia mahali pamoja waziwazi. Viwanda vya zamani vilikuwa na mashine za kuchonga fremu kutoka kwenye bonge la chuma, na mafundi waliotumia maisha yao kuzijua. Glock alikuwa na mashine za kuyeyusha plastiki na kuimimina kwenye kalibu. Aliifinyanga fremu kwa plastiki ya jamii ya nailoni iliyoimarishwa, na ndani yake akapachika reli fupi nne za chuma, mbili mbele na mbili nyuma. Slaidi huteleza juu ya reli hizo, kwa hiyo chuma husuguana na chuma na plastiki haisuguliwi. Chini ya mbele ya fremu kuna kibamba kidogo cha chuma kilichozama kwenye plastiki, na hapo ndipo namba ya silaha ilipochapwa. Hakuwa wa kwanza kutumia plastiki: kampuni ya Heckler & Koch ya Ujerumani ilikuwa imetoa bastola ya VP70 yenye fremu ya plastiki mwaka 1970. Bastola hiyo ilikuwa na kifyatulio kizito mno na haikupata wanunuzi wengi. Bila magazini, Glock 17 ilikuwa na uzito wa takriban gramu 625, wakati Beretta iliyochaguliwa na Marekani mwaka 1985 ilizidi gramu 900. Askari anayetembea na silaha kiunoni tangu alfajiri hadi usiku huijua tofauti hiyo bila kuambiwa.

Slaidi na kasiba ni za chuma, na hukomazwa kwa joto na kemikali hadi uso wake unakuwa mgumu sana. Rangi nyeusi inayoonekana ni ya juu tu. Ikichubuka kwenye ala, chuma kilicho chini yake bado kinastahimili kutu na chumvi. Tundu la kasiba halina mifereji mikali ya kawaida ya kuizungusha risasi. Lina pande sita zilizojipinda, zenye kona butu, na hivyo uchafu wa baruti hauna pembe nyingi za kujificha.

Mwendo wa bastola ni wa Browning, uliopitia mikono mingine. Fataki iliyo kwenye kitako cha ganda inapogongwa, baruti huwaka ndani ya ganda na gesi huisukuma risasi, yenye uzito wa gramu 8 hivi, mbele ndani ya kasiba ya milimita 114. Risasi hutoka kwa kasi ya takriban mita 360 kwa sekunde. Gesi hiyohiyo husukuma ganda nyuma. Ganda likifunguka wakati huo huo, moto utamrudia mpigaji, na kwa sababu hiyo kasiba na slaidi hufungamana: bonge la mraba juu ya chemba limekaa ndani ya dirisha la slaidi ambamo maganda hutokea. Vyote viwili hurudi nyuma pamoja kwa milimita chache, na wakati huo risasi imekwisha kutoka na shinikizo limeshuka. Hapo mguu wenye mteremko ulio chini ya kasiba hukutana na kipande cha chuma kilicho ndani ya fremu. Nyuma ya kasiba huvutwa chini, bonge hutoka dirishani, na slaidi huendelea na safari peke yake. Kucha yake hulivuta ganda, kidole cha chuma hulipiga upande, nalo huruka nje. Springi iliyobanwa chini ya kasiba huirudisha slaidi, ambayo njiani huchota risasi ya juu kutoka kwenye magazini na kuisukuma chemba. Yote hayo humalizika kabla jicho halijaona zaidi ya mmweko na kitu kinachong'aa kikidondoka.

Kifyatulio ndicho kinachohitaji kutazamwa polepole. Badala ya nyundo, Glock ina pini ndani ya slaidi, inayosukumwa na springi yake kwenda kugonga fataki. Slaidi inaporudi mbele, ncha ya nyuma ya pini hunaswa na pau inayotoka kwenye kifyatulio, na springi hubaki imekunjwa nusu. Nguvu ya kugonga fataki bado haijakamilika. Nusu iliyobaki italetwa na kidole. Ndiyo maana mvuto wa kila risasi, ya kwanza na ya kumi na saba, ni uleule, wa nguvu sawa na uzito wa kilo mbili na nusu hivi. Wazo la kuikunja springi nusu lilikuwa na babu huko huko Austria: bastola ya Roth-Steyr ya mwaka 1907, iliyotengenezwa kwa ajili ya wapanda farasi wa dola ya Austria na Hungaria. Mpanda farasi hutikiswa, na silaha iliyokokiwa kamili ilikuwa hatari kwake na kwa mnyama wake.

Katikati ya kifyatulio cha Glock kuna ulimi mwembamba wa plastiki uliochomoza mbele kidogo. Kidole kisipoukalia, sehemu yake ya nyuma hugonga fremu na kifyatulio hakisogei, hata kikikwaruzwa pembeni au kikisukumwa na uzito wake chenyewe bastola inapoanguka. Hicho ni kizuizi cha kwanza. Kidole kikiubana ulimi na kuanza kuvuta, pau husogea nyuma na kumalizia kuikunja springi. Wakati huohuo tuta lililo juu ya pau hukisukuma juu kizibo cha chuma ndani ya slaidi ambacho hadi sasa kilikuwa kimeziba njia ya pini. Hicho ni cha pili. Nyuma kabisa, pau yenye umbo la msalaba hukaa juu ya ukingo wa plastiki unaoizuia kushuka. Mpaka irudi nyuma ya kutosha haiwezi kuiachia pini, hata bastola ikipigwa vipi. Hicho ni cha tatu. Mwisho wa mvuto, kibamba kilichokunjwa huikandamiza pau chini, pini huponyoka, na risasi hutoka. Kidole kikiachia, vizuizi vyote vitatu hujirudisha vyenyewe. Askari hakuhitaji kukumbuka kufungua kitu, wala hatahitaji kukumbuka kufunga. Kiwanda kiliuita mpangilio huo Safe Action.

Kwa kukosa nyundo na kiwiko, bastola ilipungua hadi vipande 34, pungufu sana ya vile 58 vilivyoruhusiwa. Kasiba nayo ilikaa chini, karibu na mkono, kwa sababu hapakuwa na nyundo ya kupisha nyuma ya slaidi. Hivyo inapopiga, mdomo hauinuki sana na shabaha ya pili hupatikana haraka.

Majaribio ya Austria yaliwakutanisha Glock na majina makubwa: Heckler & Koch, SIG Sauer, Beretta, FN, na Steyr, kampuni ya nyumbani iliyotarajiwa na wengi kushinda. Mshindi wa mwaka 1982 alikuwa mtengeneza fito za mapazia. Jeshi liliagiza bastola 25,000 za mwanzo na kuipa silaha hiyo jina la P80. Norwe iliichukua mwaka 1985, na Swideni mwaka 1988.

Nchini Marekani ilipokelewa kwa hofu. Januari 1986 safu moja ya gazeti ilidai kwamba Libya inatafuta kununua bastola za plastiki za Austria ambazo mashine za uwanja wa ndege haziwezi kuziona. Dai hilo halikuwa na msingi: slaidi, kasiba na springi ni mamia ya gramu za chuma, na umbo lake kwenye eksirei ni la bastola isiyo na shaka. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1988 ya kukataza silaha isiyoonekana kwenye vifaa vya ukaguzi, ikiweka kiwango cha chini cha chuma cha gramu 105 hivi, na Glock ilikuwa imekipita mara kadhaa. Hata hivyo filamu ya Die Hard 2 ya mwaka 1990 iliendeleza uvumi kwa kutaja Glock ya kauri ambayo haijawahi kutengenezwa.

Hofu hiyo ilizidiwa na tukio la kweli. Tarehe 11 Aprili 1986, maofisa wa FBI walipambana na majambazi wawili Miami; maofisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Wengi wao walibeba bastola za silinda zenye risasi sita, na kuzijaza upya katikati ya mapambano kulikuwa kugumu. Idara za polisi zilianza kutafuta bastola za magazini, na Glock, iliyokuwa imefungua tawi Smyrna, Georgia, ilikuwa na jibu lililokuwa rahisi kulifundisha: polisi aliyezoea bastola ya silinda hakuwa na kiwiko kipya cha kujifunza. Alivuta tu, kama zamani.

Urahisi huo ulikuwa na gharama yake. Vizuizi vitatu vya Glock huzuia kila kitu isipokuwa kidole kwenye kifyatulio. Bastola ya silinda ilisamehe kidole kilichotulia mahali pasipofaa, kwa sababu mvuto wake ulikuwa mzito na mrefu; Glock haisamehe. Vilevile, kuifungua kwa ajili ya usafi kunadai kifyatulio kivutwe kwanza, na aliyesahau kuikagua chemba alipiga risasi mezani, ukutani au mguuni. Ajali za namna hiyo ziliandamana na bastola hii katika idara ambazo mafunzo yalikuwa machache. Baadhi ziliagiza springi nzito zaidi ya kifyatulio. Wabunifu wengine waliliona pengo: Smith & Wesson, katika bastola yake ya M&P ya mwaka 2005, waliweka kijiti ndani ya fremu kinachowezesha kuifungua bila kukigusa kifyatulio. Upungufu mwingine ni wa mpangilio wenyewe wa pini: fataki ikikataa kuwaka, kukivuta kifyatulio tena hakusaidii, lazima slaidi ivutwe kwa mkono. Kwa askari aliyefunzwa hilo si hasara kubwa, kwani risasi mbovu ni bora itupwe kuliko kubembelezwa.

Marekebisho yaliyofuata yalikuwa madogo. Magazini za mwanzo, ambazo ukuta wake wa chuma haukuzunguka pande zote, zilivimba zikijaa na kugoma kudondoka; baadaye chuma kilizunguka kote. Mpini uliongezewa mikwaruzo ya kushikia, kisha mabonde ya vidole na reli ya kufungia tochi. Toleo la nne la mwaka 2010 lilileta migongo ya kubadilisha kwa mikono mikubwa na midogo, na la tano la mwaka 2017 likayaondoa mabonde ya vidole ambayo wengi hawakuyapenda. Mwaka 2013 majeshi ya Uingereza yaliagiza zaidi ya bastola 25,000 za toleo la nne kuchukua nafasi ya Hi-Power, kazi ya mwisho ya Browning.

Kufikia hapo karibu kila kiwanda kikubwa kilikuwa na bastola ya plastiki yenye pini badala ya nyundo. Jeshi la Marekani lilipotafuta mrithi wa Beretta, washindani wa mwisho walikuwa wa jamii hiyo: Glock, na P320 ya SIG Sauer. Masharti ya jeshi hilo yalidai kiwiko cha usalama cha dole gumba, na Glock ikakiweka kwenye bastola zake za majaribio. Januari 2017 ushindi ulikwenda kwa SIG, ambayo bei yake ilikuwa chini kwa zaidi ya dola milioni 100. Glock ilikata rufaa, ikashindwa mwezi Juni, na mwaka uliofuata ikauza bastola iliyotokana na ile ya majaribio kwa jina la 19X, ikiwa imekitoa tena kiwiko.